Mdhamini Ananunua Nini Kwenye Maonyesho ya Mavazi?

Tuseme umekodi ua wa nyumba ya kale karibu na Ndia Kuu. Una wabunifu wanane, wanamitindo wameanza mazoezi, na mafundi wanakesha kwenye cherehani. Gharama zote ni Sh400,000. Ukiuza tiketi 200 kwa Sh500 kila moja, unapata Sh100,000. Hizo 300,000 zilizobaki zitatoka wapi?

Wengi hapa hukimbilia kuandika barua kwa kampuni, na barua yenyewe husomeka kama kadi ya mchango wa harusi: tunaomba msaada wenu, Mungu awabariki. Kampuni si mjomba wako. Inalipa ikiona inachonunua, kwa hivyo hebu tuingie kwanza kwenye kichwa cha anayelipa.

Umemwomba Sh200,000. Meneja wa masoko anachukua simu, anagawa kwa watu 200 watakaokuja, anapata Sh1,000 kwa kila mmoja. Pesa hizo zingeweza kununua matangazo ya redio yanayosikika Likoni, Kisauni na Changamwe. Kwa nini alipe elfu nzima kwa mtu mmoja aliyekaa kitini Mji wa Kale? Kama huna jibu, mazungumzo yameisha kabla ya chai kupoa.

Tazama waliojibu vizuri. Kule Mumbai, wiki kubwa ya mitindo imebeba jina la Lakmé kwa miaka mingi. Lakmé inauza vipodozi, na uso wa mwanamitindo ndio mahali bidhaa yake inapoonekana ikifanya kazi. Hapo tangazo na onyesho ni kitu kimoja. London nako, kampuni ya simu ya Vodafone iliweka jina lake kwenye London Fashion Weekend, siku ambazo watu wa kawaida wanakata tiketi, wanaona mavazi na kununua nguo. Mteja alikuwa pale pale, pesa mkononi.

Karibu nasi, Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam mwaka 2008, wabunifu wa nchi zinazozungumza Kiswahili wakakutana jukwaa moja. Kwa mdhamini, mpangilio kama huo una faida ya wazi: anaweka sahihi mkataba mmoja, anafikia wabunifu wengi pamoja na wateja wao. Kwa mbunifu mdogo, ukumbi, taa na sauti vinalipwa kwa pamoja, vitu ambavyo peke yake asingevimudu.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi hauhitaji ndege wala basi. Nenda Biashara Street, ukunjue leso ya Kaderdina Hajee Essak, wauzaji waliopo Mombasa tangu 1887. Pembeni utaona maandishi madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Hayo yameingia jikoni, arusini na kwenye mbeleko za watoto kwa vizazi. Bango la ukumbini hushushwa usiku ule ule. Mpe mdhamini wako nafasi ndogo kwenye upande wa leso ya onyesho, na jina lake litafuliwa na kuanikwa kwa miaka. Jina la leso lenyewe, yale maneno ya katikati, usimuuzie. Hakuna mwanamke wa Mombasa atakayejifunga tangazo la benki mgongoni akaenda nalo arusini.

Sasa tuje kwenye malipo, maana hapa ndipo ushahidi wako ulipo. Fungua till ya onyesho peke yake, tiketi na mauzo ya vibanda yapitie humo. Ukichanganya na namba yako ya kibinafsi, pesa ya tiketi itakaa pamoja na karo na kodi ya nyumba, na hutaweza kumwonyesha mtu chochote. Till ikiwa safi, asubuhi yake unasema: malipo ya vibanda yalikuwa mangapi, saa ngapi yalipanda, wastani wa kila malipo ni kiasi gani. Ile elfu moja kwa kila mtu inaanza kupata maelezo.

Mpe jumla tu. Namba za simu za wateja si bidhaa yako ya kuuza, hata mdhamini akisisitiza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka uwe na msingi wa kisheria wa kutoa taarifa za mtu, na mama aliyelipia tiketi hakukubali kutumiwa ujumbe wa mikopo usiku.

Mdhamini pia atataka awe peke yake katika sekta yake: akiingia benki moja, nyingine isiwepo. Hiyo ina bei, iandike kando. Hata sisi tukikudhamini tutaomba malipo yapitie kwetu tu, tusifichane. Jiulize kwanza mgeni mwenye laini nyingine atalipaje mlangoni.

Kuna jambo linaloumiza watu kuliko yote: ahadi ya kulipa baada ya onyesho. Wanaobeba mzigo huo ni mafundi na wasichana wa jukwaani, wanaoambiwa wasubiri na kwamba angalau wamepata jina. Jina halinunui unga. Omba nusu wakati wa kuweka sahihi, na ikiwezekana sehemu nyingine wiki moja kabla, kisha lipa ujira wa cherehani kwanza, jukwaa lifuate. Mdhamini akitoa vitu badala ya pesa, kama vinywaji au usafiri, vithaminishe kwenye mkataba, kwa sababu fundi hatalipwa kwa soda.

Andaa ankara ya eTIMS mapema. Tangu Januari 2024, kampuni isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haiwezi kuhesabu malipo hayo kama gharama inapokokotoa kodi, na mhasibu wake atazuia malipo bila kukuambia sababu.

Baada ya onyesho, tuma ripoti ndani ya wiki mbili, meneja bado anakumbuka harufu ya udi mlangoni. Kurasa mbili zinatosha: hesabu ya till, picha tatu zenye nembo yake, na tarehe ya mwaka ujao.