Sangara Hupanda Ndege, Dagaa Hupanda Lori

Ndugu msomaji, ukisimama kando ya ziwa hapa Butimba utaziona ndege zikienda na kurudi upande wa kaskazini. Uwanja wenyewe uko upande wa pili wa mji, huko Ilemela. Wengi wetu hatujapanda ndege hata siku moja. Wapo wanaosema, "Ndege ni mambo ya wakubwa, sisi yanatuhusu nini?" Swali hilo si baya. Ndilo somo letu la leo.

Hebu tuanze na mizigo. Hapa Mwanza mizigo husafiri kwa maji, kwa reli, kwa barabara na kwa anga. Reli ilifika hapa mwaka 1928, ikawa njia kubwa ya pamba kwenda pwani. Pamba ni nyingi kwa umbo, bei ya kilo moja ni ndogo, tena haiozi upesi. Ikikaa ghalani mwezi mzima bado ni pamba. Ukiipakia kwenye ndege, nauli itameza bei yote, na mkulima atabaki anadaiwa.

Dagaa naye ni hivyo hivyo. Akikaushwa vizuri juu ya chanja, wala si mchangani, anakaa muda mrefu. Ndiyo maana pale Mwaloni Kirumba utaona magunia yakipakiwa kwenye malori, mengine yanakwenda hadi Kongo. Dagaa hana haraka.

Sangara mbichi ana haraka. Katika joto letu, samaki aliyevuliwa alfajiri akaachwa bila barafu, jioni ameanza kulegea na kunuka. Na watu wanaomlipia bei nzuri wako mbali, huko Ulaya na kwingineko. Basi hapo ndipo ndege inapohitajika. Ndege ni ghali kuliko vyombo vingine vyote. Kwa hiyo hubeba kitu kinachoharibika upesi, au chenye thamani kubwa kwa kilo, au kinachosubiriwa na mtu mwenye shida. Shika maneno hayo, tutayarudia.

Je, unajua kwamba Mwanza ni mji wa zamani sana katika mambo ya ndege? Mwezi wa Februari mwaka 1931, shirika la ndege la Waingereza lililoitwa Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London. Mwisho wa safari ile haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam, ulikuwa Mwanza. Kipande cha mwisho, kutoka Khartoum huko Sudan, kilifanywa na ndege za majini, zenye tumbo kama la mtumbwi. Zilitua ziwani, hapa hapa. Zilibeba nini? Hasa barua. Barua ni nyepesi na inasubiriwa. Mwaka 1932 safari hiyo ilisogezwa mpaka Afrika Kusini, na Mwanza ikawa si mwisho wa njia tena. Lakini barua zile zilikuwa za serikali na za matajiri. Mvuvi wa wakati ule alizitazama tu zikipita.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya samaki. Sangara hakuwa wa ziwa letu. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, akazaana, akala samaki wengi wadogo wa asili, hata aina nyingine hazionekani tena. Hilo ni somo la peke yake. Katika miaka ya 1990 vilijengwa viwanda vya minofu hapa Mwanza. Minofu ni nyama ya samaki iliyoondolewa miiba na ngozi. Ndege kubwa za mizigo zikaanza kuja, nyingi zikiwa Ilyushin 76 zilizotengenezwa katika Muungano wa Kisovieti. Ndege moja ya namna hiyo huweza kubeba kama tani 50, yaani kilo 50,000.

Tufanye hesabu kidogo. Minofu inayotoka kwa sangara ni chini ya nusu ya uzito wake. Tuseme mtumbwi mmoja umeleta kilo 60 za samaki, na minofu ikatoka kilo 25. Ili kujaza ndege moja ya kilo 50,000 itahitajika mitumbwi mingapi? Gawanya 50,000 kwa 25. Utapata mitumbwi 2,000. Kila mtumbwi una watu watatu au wanne ndani, kuna mshona nyavu, fundi wa injini, mwuza barafu, dereva, mama anayewapikia wavuvi ugali, na vijana wa kiwandani wenye visu. Kumbe ile ndege unayoiona inapaa peke yake imesukumwa na maelfu ya mikono! Wengi wao hawajawahi hata kufika uwanjani.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, nalo ni barafu.

Ndege haiwezi kumfufua samaki aliyeharibika. Kazi yake ni kukimbiza ubaridi tu. Ubaridi huo lazima uanzie ndani ya mtumbwi, uendelee mwaloni, uingie ndani ya lori, ndani ya kiwanda, mpaka ndani ya ndege. Ni kama mnyororo. Pete moja ikikatika, mnyororo mzima hauna kazi. Wataalamu wa uvuvi katika nchi za joto hufundisha kwamba kilo moja ya samaki ilindwe kwa kilo moja ya barafu. Barafu ivunjwe vipande vidogo, iwekwe chini, katikati na juu, na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Kumwaga barafu juu juu tu, kama mtu anayenyunyiza chumvi, ni kuipoteza.

Wavuvi wengi huogopa gharama ya barafu. Tuangalie. Bei hizi ni za mfano. Wewe weka bei za mwalo wako. Mvuvi ana kilo 60, bei ya samaki mzuri ni shilingi 6,000 kwa kilo. Hakuchukua barafu. Mwenye lori anakagua, anakataa kilo 20, na hizo ananunua mchuuzi kwa shilingi 3,000. Mvuvi anapata 240,000 na 60,000, jumla shilingi 300,000. Mwenzake naye ana kilo 60. Alinunua kilo 60 za barafu kwa shilingi 300 kila kilo, yaani shilingi 18,000. Samaki wake wote wamekubaliwa, amepata shilingi 360,000. Toa 18,000, anabaki na 342,000. Tofauti ni shilingi 42,000 kwa siku moja!

Najua yupo atakayesema, "Mwalimu, hesabu yako ni ya ubaoni." Ni kweli, ziwani kuna jambo jingine. Mvuvi aliyekopeshwa nyavu na injini na wakala hana uhuru wa kuuza anakotaka. Wakala ndiye anayepanga bei, na barafu nzuri inaweza kumfaidia wakala kuliko mvuvi. Ndiyo sababu mimi naona habari ya ndege haiwezi kutenganishwa na habari ya ushirika. Wavuvi kumi wanaochangia kununua sanduku la barafu na mzani wao wenyewe wana sauti mbele ya lori. Mmoja mmoja hawana.

Soko la mbali lina hatari yake pia. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Viktoria. Kisa? Zilipatikana habari kwamba watu wengine wanavua kwa sumu. Walikuwa wachache, lakini walioumia ni wote, wa Tanzania, Kenya na Uganda. Bei ya mwaloni ilianguka na kazi viwandani zikapungua. Mlango ulifunguliwa tena kwa samaki wa Tanzania mwaka 2000, baada ya ukaguzi kuimarishwa. Fikiri, ndugu msomaji: mtu anamwaga sumu usiku katika ghuba moja, na mwenye duka la sukari kijiji kingine anakosa wateja kwa miezi. Kabla ya ndege jambo hilo lisingewezekana. Ndege imeleta soko karibu, na aibu nayo imeiletea njia fupi.

Kuna suala la nauli ambalo halisemwi sana. Ndege inayokuja kuchukua samaki, yenyewe inakuja na nini? Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtu wa Austria, alitoa filamu juu ya sangara wa Mwanza, akatia shaka kwamba ndege hizo zilileta silaha Afrika. Filamu hiyo ilizua ubishi mkubwa, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani. Sitaingia katika ubishi huo. Ninachotaka uone ni hesabu. Ndege ikija tupu, samaki ndiye anayelipa safari mbili, ya kuja na ya kurudi. Nauli ikiwa kubwa, bei ya mwaloni inabanwa. Ndiyo sababu minofu mingi ya Mwanza imekuwa ikipelekwa kwa malori Nairobi, ikapandie ndege huko, maana pale ndege ni nyingi na huja na mizigo. Basi kazi ya kupakia, ada za uwanja na nauli yenyewe vinabaki kwa jirani. Mwezi wa Juni mwaka 2023 Tanzania ilipokea ndege yake ya mizigo, Boeing 767, inayobeba tani 54. Ni hatua. Lakini ndege hiyo nayo inahitaji mzigo wa kuja nao.

Tusidhani kwamba kazi ya ndege ni biashara tu. Nimesema hubeba pia kitu kinachosubiriwa na mtu mwenye shida. Mwaka 2018 palifanyika majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa ndege ndogo isiyo na rubani. Kwa barabara na kivuko, safari ilikuwa ya kilomita 240 na saa sita hivi. Kwa anga ilikuwa kilomita 60, dakika 40. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri saa sita. Yalikuwa majaribio ya miezi sita tu, lakini yalionyesha kwamba uwanja wa ndege unaweza kuwa kiwanja kidogo nyuma ya zahanati.

Na ndege zetu hupita juu ya maji. Tarehe 23 Machi 2005, Ilyushin iliyopakia samaki ilianguka ziwani mara baada ya kupaa hapa Mwanza, na watu wote wanane waliokuwamo walikufa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ya Precision Air, yenye watu 43, ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa, 24 wakaokoka. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, baadaye aliajiriwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hapo utaona kwamba boti ya uokoaji iliyo tayari, kamba ndefu, na wavuvi waliofundishwa ni sehemu ya uwanja wa ndege, sawa na taa na lami. Wale wa Bukoba walifanya kazi hiyo kwa makasia na kamba walizokuwa nazo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja mazao matatu ya kijiji chenu. Lipi lingeweza kulipa nauli ya ndege, na lipi lisafiri kwa lori au reli? Kwa nini?

2. Mvuvi ana kilo 45 za sangara. Anahitaji barafu kilo ngapi? Kwa bei ya barafu ya mwalo wenu, atalipa shilingi ngapi?

3. Katika mwalo wenu mzani ni wa nani? Nani anausoma wakati wa kupima?

4. Mgonjwa akizidiwa usiku kijijini kwenu, anafika hospitali kwa njia gani, na kwa saa ngapi?

Andikeni majibu ya swali la tatu na la nne mtuletee. Tutayachapa.