SOMO LA AFYA: Dawa ya Usingizi na Majibu Yako Kabla ya Upasuaji



Katika somo hili tutajifunza juu ya dawa ya usingizi, ambayo wengine huiita nusukaputi. Watu wengi huogopa usingizi kuliko hata kisu cha daktari. Husema: "Nikilala, je, nitaamka?" Swali hilo si la kijinga. Wataalamu nao wamejiuliza kwa miaka mingi, na utafiti wao umetoa majibu ambayo kila familia inapaswa kuyajua.

Mfano kutoka Kibenga

Wasomaji wetu wengi wana jamaa Bujumbura, na wengine wamekwisha kurudi huko. Basi tuchukue mfano wa mama mjamzito anayeishi Kibenga, mtaa wa kusini mwa jiji, karibu na Ziwa Tanganyika. Mama huyu ni mfano wa kufundishia tu, lakini walio katika hali yake ni wengi.

Uchungu umemshika tangu usiku. Asubuhi mama mkwe amempa bakuli la uji ili apate nguvu, kisha kikombe cha dawa ya mizizi ili mtoto ateremke haraka. Saa nne anafikishwa hospitali. Mkunga anaona mtoto amelala kimshazari, na daktari anaamua afanyiwe upasuaji. Mtaalamu wa usingizi anamwuliza: "Mama, leo umekula nini?" Mama mkwe anamkonyeza. Mama anajibu: "Sijala kitu tangu jana."

Amesema hivyo kwa kuogopa kwamba akisema kweli upasuaji utaahirishwa na mtoto atakufa. Kumbe jibu hilo ndilo linaloweza kuleta msiba.

Kwa nini wanauliza umekula nini?

Mtu aliye macho akitaka kutapika, koo lake hulinda mapafu. Mtu aliyelazwa kwa dawa hana ulinzi huo. Uji ukipanda kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni, naye akashindwa kupumua. Mwenye mimba yuko katika hatari zaidi, kwa sababu tumbo la uzazi linasukuma mfuko wa chakula, na uchungu huchelewesha chakula kushuka.

Je, mama huyu angesema kweli, angerudishwa nyumbani? Hapana. Upasuaji wa dharura haungojei chakula kishuke. Mtaalamu angechagua njia inayofaa na kujiandaa zaidi. Pengine angemdunga sindano ya ganzi mgongoni, ili abaki macho na koo lake liendelee kufanya kazi. Au kama ni lazima alale, angemwekea mpira wa kupumulia kooni haraka, na mashine ya kufyonza matapishi ikiwa tayari. Na angejua kwamba amekunywa mizizi, kwani baadhi ya dawa za kienyeji hubadilisha mapigo ya moyo, presha au kuganda kwa damu.

Utafiti umeonyesha nini?

1. Orodha ya maswali huokoa maisha. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu Orodha ya Usalama wa Upasuaji katika hospitali 8 za nchi mbalimbali. Moja ilikuwa Ifakara, Tanzania. Orodha hiyo ina mambo 19 ya kuhakikisha kwa sauti: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, ana dawa inayomdhuru, kipima oksijeni kinafanya kazi, damu ipo ikihitajika. Kabla ya orodha, walifariki wagonjwa 15 katika kila 1000. Baada ya orodha kuanza kutumika, walifariki 8. Haikuwa dawa mpya. Yalikuwa maswali yanayoulizwa kwa wakati wake.

2. Ganzi ya mgongo ni salama zaidi kwa wazazi wengi. Mwaka 2016 watafiti walikusanya taarifa za akina mama wa nchi maskini na za kipato cha kati. Waliolazwa usingizi kabisa walikuwa katika hatari ya kufa kama mara 3 kuliko waliopewa ganzi ya mgongo. Ni kweli kwamba wengine walilazwa kwa sababu hali yao ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Hata hivyo, penye nafasi ya kuchagua, ganzi ndiyo hutangulizwa. Wengi huiogopa wakidhani italemaza miguu. Miguu huwa mizito kwa masaa machache, kisha hurudi. Madhara ya kudumu ni nadra sana. Kichwa kikiuma sana siku zinazofuata, mwambie muuguzi.

3. Hatari haiishi ukitoka chumba cha upasuaji. Mwaka 2016 hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, Burundi ikiwemo, zilifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000. Karibu wote waliofariki walifariki baada ya upasuaji kwisha, wakiwa wodini. Hivyo ndugu anayekaa kando ya kitanda naye ni mlinzi. Mgonjwa akipumua kwa shida, akitoka damu nyingi au asipoamshika, usingoje asubuhi. Ita muuguzi.

4. Kipima oksijeni husaidia, lakini hakitoshi. Ni kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Huonyesha upungufu wa oksijeni kabla macho hayajauona. Ondoa rangi ya kucha ili kisome vizuri. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi kifaa hiki mara nyingine huonyesha namba nzuri wakati oksijeni imepungua. Ndiyo maana mtaalamu hutazama pia kifua, midomo na mapigo ya moyo.

Ketamini si mapepo

Dawa moja inayotumika sana katika hospitali zetu ni ketamini. Ilianza kujaribiwa kwa binadamu mwaka 1964. Sifa yake ni kwamba mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe, na presha yake haishuki kwa urahisi. Kwa hiyo hufaa hata pasipo na mashine kubwa. Lakini anapoamka, mgonjwa anaweza kupiga kelele, kuona vitu visivyokuwepo au kuongea na marehemu. Ndugu, hayo si mapepo wala hajarogwa. Ni dawa inaisha mwilini. Kaa naye kimya, mwite jina lake taratibu, usimtikise.

Ukiombwa kushiriki katika utafiti

Wakimbizi wengi husema: "Wanataka kutujaribia dawa." Jua haki yako. Utafiti halali hupitishwa kwanza na kamati ya maadili. Lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa faida na hatari zake. Unaweza kukataa, au kukubali kisha ukajitoa, na matibabu yako hayatapunguzwa, wala mgao wako wa chakula hauguswi. Usiweke kidole gumba kwenye karatasi ambayo hukusomewa.

Kabla ya upasuaji uliopangwa, kumbuka:

- Chakula, uji, maziwa na chai ya maziwa: acha masaa 6 kabla. Vyakula vya mafuta vinahitaji muda zaidi.
- Maji matupu: unaweza kunywa hadi masaa 2 kabla, isipokuwa umeambiwa vingine.
- Mtoto anayenyonya: maziwa ya mama yaishie masaa 4 kabla. Usimnyime kwa muda mrefu kupita huo.
- Sema dawa zote, za hospitali na za kienyeji, pamoja na pombe na sigara.
- Sema kama una pumu, presha, kisukari au upungufu wa damu, au kama kuna dawa iliyowahi kukuvimbisha au kukuwasha. Usiache dawa zako bila kuuliza.
- Sema kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kupata shida ya usingizi.
- Onyesha meno ya bandia na yanayolegea.

Jipime

1. Kwa nini mama wa Kibenga alipaswa kusema kwamba amekunywa uji?
2. Utafanya nini ndugu yako akiamka akiongea maneno yasiyoeleweka?
3. Je, ukikataa utafiti utanyimwa matibabu?

Jadilini maswali haya nyumbani, hasa pamoja na mama wakwe na wakunga wa jadi. Mtaalamu wa usingizi anayo dawa na anavyo vyombo, lakini habari za tumbo lako unazo wewe. Akikuuliza, mwambie kweli. Hakuulizi ili akugombeze. Anauliza ili uamke.