Kujifukiza si kosa, kuchelewa hospitalini ndiko hatari

Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini Machi 2020, haukuwa na chanjo wala dawa. Wengi walirudia waliyoyajua: tangawizi, limau, kitunguu saumu, mwarobaini, na kujifukiza kwa mvuke wa majani yaliyochemshwa. Katika nchi jirani ya Tanzania, viongozi wenyewe waliwahimiza wananchi wajifukize.

Haifai kuwacheka watu hao. Mitishamba hupatikana karibu, na mganga humpa mgonjwa muda wa kueleza shida zake. Isitoshe, miti ina dawa kweli. Artemisinini, inayotibu malaria, ilitolewa katika mmea nchini Uchina katika miaka ya 1970. Lakini ilichunguzwa kwanza ijulikane nguvu zake, madhara yake na kiasi cha kumpa mgonjwa. Hiyo ndiyo tofauti.

Je, mvuke hufanya nini? Hulainisha kamasi na kuzibua pua, mgonjwa akapata nafuu. Hauui virusi, kwani virusi huzaana ndani ya chembechembe za mwili. Mvuke mkali wa kuviua ungemuunguza mgonjwa kwanza.

Nafuu hiyo ndiyo hudanganya. Mgonjwa hudhani anapona, kumbe mapafu yanazidi kuvimba na damu inapungukiwa na oksijeni. Afikapo hospitalini, huenda amechelewa.

Kwa hivyo zingatia haya:

1. Usiache dawa za shinikizo la damu, kisukari au UKIMWI kwa sababu umeanza mitishamba.

2. Mweleze daktari kila unachokunywa. Kitunguu saumu kingi, kwa mfano, chaweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

3. Usiwafukize watoto. Maji ya moto yakimwagika huwaunguza vibaya.

4. Ukihema kwa shida, kifua kikibana au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, nenda hospitalini mara moja. Usingoje umalize siku za kujifukiza.

Wahudumu wa afya nao wana wajibu. Mgonjwa akisema alikunywa mwarobaini, asikaripiwe. Anayekaripiwa leo atanyamaza kesho, na daktari atamtibu bila kujua kilichomo mwilini mwake.