Zawadi ya Mwalimu na Mtoto Asiyekuwapo Darasani

Yako maneno yanayosikika mara kwa mara mikutanoni na barazani, kwamba mwalimu alipwe kwa kadiri ya matunda ya kazi yake, asingoje mshahara wa mwisho wa mwezi tu. Kwa juu juu neno hili lapendeza. Leo na tulichungue polepole, macho yetu yakielekea Tarime na Serengeti, maana huko ugumu wake waonekana wazi.

Shauri lenyewe si geni. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza iliamuru kwamba fedha za shule zitegemee mahudhurio ya watoto na kufaulu kwao mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Ikawa yale asiyoyauliza mkaguzi yaliwekwa kando, na watoto wakakariri kama kasuku. Katika miaka ya 1890 mpango huo uliachwa.

Hapa kwetu jaribio kubwa, liitwalo KiuFunza, lilifanywa na shirika la Twaweza pamoja na wataalamu wa uchumi mwaka 2013 na 2014, katika shule za msingi 350 za wilaya 10, darasa la kwanza hadi la tatu. Baadhi ya shule zilipewa Sh. 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, za vitabu na vifaa. Katika nyingine mwalimu aliahidiwa Sh. 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo lake, nalo ni Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Mwalimu mkuu aliahidiwa Sh. 1,000. Nyingine zilipata yote mawili, na nyingine hazikupata kitu, ili ziwe za kulinganishia.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Fedha za vifaa peke yake hazikuongeza maarifa ya watoto, na sababu mojawapo yatuhusu sisi, tena yatuaibisha kidogo: wazazi walipoona shule imepata fedha, walipunguza zile walizokuwa wakiwatolea watoto wao. Zawadi peke yake ilileta nafuu isiyo thabiti. Bali vitabu na zawadi vilipokwenda pamoja, watoto waliendelea dhahiri.

Tarime na Serengeti hazikuwamo katika wilaya zile. Tuseme basi mpango wa namna hiyo wafika huko, tena wapandishwa hadi madarasa ya juu. Mwezi wa Desemba, shule zikifungwa, katika koo kadhaa za Wakurya huwadia msimu wa kukeketa wasichana, ijapokuwa sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Wako wanaokimbilia nyumba za hifadhi, kama zile za Masanga na Mugumu. Wengine hukeketwa, huhesabiwa kuwa tayari kuolewa, wala hawarudi darasani. Wavulana nao wako wanaokwenda na ng'ombe, au wanaookota mawe ya dhahabu huko Nyamongo. Mwalimu aliyewafundisha tangu Januari atakosa zawadi kwa kosa ambalo si lake. Mwaka wa pili ataomba uhamisho aende mjini, na ni nani atakayemlaumu?

Sisi twaona zawadi isikataliwe, lakini isitegemee alama moja ya kufaulu. Katika awamu ya pili ya KiuFunza, mwaka 2015 na 2016, mwalimu alilipwa kwa kila hatua ya ujuzi aliyoifikia mtoto, hata ile ya chini. Na njia hiyo nyepesi haikushindwa na ile ngumu ya kuwapanga watoto kwa kulinganisha maendeleo yao. Kwa njia hiyo hata mtoto aliye nyuma ana thamani machoni pa mwalimu.

Tena kabla ya kumdai mwalimu matokeo, serikali ya kijiji na isomewe daftari la mahudhurio mbele ya mkutano, mwezi wa Januari, jina kwa jina. Kila jina lisiloitikiwa, aulizwe kwanza mzazi.