Kutaja Chanzo cha Intaneti

Kitabu kikishapigwa chapa hakibadiliki. Ukurasa wa intaneti huweza kubadilishwa usiku mmoja. Mwezi Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliiondoa Pluto katika orodha ya sayari, na kurasa nyingi zilizohesabu sayari tisa zikaandikwa upya. Mwanafunzi aliyenakili "tisa" pasipo kuandika tarehe aliyosoma hana la kujitetea. Wala haitoshi kuandika "intaneti". Ni kama kuandika "maktaba". Hutajwa mwandishi au taasisi, kichwa cha makala, mwaka, anwani kamili na tarehe ya kusomwa. Wikipedia huhifadhi matoleo ya nyuma ya makala zake. Mwalimu aliyepewa tarehe aweza kulifungua toleo lile lile alilolisoma mwanafunzi, akahakikisha.