Jino, Mate na Swaumu



Ndugu zangu, Ramadhani iliyopita nilikuwa katikati ya matibabu ya mzizi wa jino. Daktari alikwisha kusafisha ndani ya mzizi, akaliziba jino kwa muda na kunipa tarehe ya kurudi. Tarehe ikaangukia ndani ya mwezi wa kufunga. Nikaihofia swaumu yangu, nikaahirisha hadi baada ya Idi. Kizibo kile cha muda kikapasuka, mate yakapenya, jino likavimba upya. Kazi yote ikaanza tena, nami nasoma fiqhi!

Kosa langu lilikuwa kutouliza. Tutazame mambo mawili.

Kwanza, kwa nini mate ni hatari? Mate yana bakteria wengi, na mdomoni hawana neno. Wakiingia ndani ya mzizi, mambo hubadilika. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Panya wa kawaida waliharibikiwa na kiini. Wale waliolelewa bila vijidudu kabisa, meno yao yalipona. Ndiyo maana daktari huosha mzizi kwa dawa ya klorini, hutumia vyombo vilivyotakaswa, na hulizungushia jino kipande cha mpira mwembamba ili mate yasilifikie. Mpira huo ulibuniwa na daktari Sanford Barnum wa New York mwaka 1864.

Pili, swaumu je? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilijadili suala hili Jeddah mwaka 1997. Likaamua kwamba kutoboa jino, kuling'oa au kusafisha meno hakubatilishi swaumu, almuradi mtu ajiepushe kumeza kinachofika kooni. Sindano isiyo ya lishe, kama ile ya ganzi, nayo haibatilishi.

Sasa unganisha mambo haya mawili. Mpira ule ule unaozuia mate yasiingie kwenye jino, huzuia pia maji na dawa visiteremke kooni. Unalinda jino na unamsaidia aliyefunga.

Basi, ukiwa na matibabu kama haya:
1. Mwambie daktari kwamba umefunga, na umwombe atumie mpira.
2. Ukiweza, omba miadi ya baada ya futari.
3. Usikae na kizibo cha muda kupita tarehe uliyopewa. Kikipasuka, rudi mara moja.
4. Ukizidiwa na maumivu au ukihitaji dawa ya kumeza mchana, ruhusa ya mgonjwa ipo katika Suratul Baqara, aya ya 185: utafungua na kulipa siku nyingine.

Mtume (s.a.w.) alihimiza mno mswaki. Aliyeusia usafi wa kinywa hakututaka tuache jino lioze kwa jina la ibada. Mwili ni amana, na tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.