Kazi ya Watu Sita



Kila likizo baadhi ya wakubwa wetu wanaosoma Chuo Kikuu cha Burundi hushuka kutoka Mutanga kuja kutuamkia, nasi huwauliza ni jambo gani lililowatesa zaidi katika mwaka wa kwanza. Mtu angetazamia kusikia habari za hesabu. Lakini wengi hutaja kazi za kundi. Mwalimu huwapa wanafunzi watano au sita swali moja na majuma machache, kisha hutoa alama moja kwa wote. Mvivu hupata sawa na mwenye bidii, na mwenye bidii hunung'unika. Nataka kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, maana sisi wa darasa la mwisho tumeanza kuizoea hapa hapa shuleni.

Swali tulilopewa katika somo la historia lilikuwa hili: Ilijulikanaje ya kuwa mto Rusizi unaingia katika Ziwa Tanganyika, wala hautoki humo? Kwa mtu wa Bujumbura hili ni kama kichekesho. Mvuvi ye yote wa Gatumba atalijibu pasipo kuinua macho katika nyavu zake. Lakini katika karne ya 19 wataalamu wa Ulaya walilibishania sana, kwa kuwa kama mto ungetoka ziwani kwenda kaskazini, huenda ungekuwa ndio mwanzo wa Nile.

Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Mmoja alikuwa mgonjwa hata hawezi kutembea, mwingine macho yake yalikuwa karibu kupofuka. Mwezi wa Aprili walipanda kwa mitumbwi mpaka Uvira, ng'ambo ya pili ya ziwa letu, na hapo wapiga makasia wakakataa kwenda mbele. Wenyeji waliwaambia ya kuwa mto unaingia ziwani, nao wakarudi bila kuuona kwa macho. Baadaye wakagombana. Kila mmoja aliandika vitabu vyake, na kila mmoja akayafasiri maneno yale yale kwa namna ya kumfaa yeye. Septemba 1864 ilipangwa wabishane mbele ya watu mjini Bath, Uingereza, lakini siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Swali la Rusizi likabaki pale pale.

Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakatoka Ujiji kwa mtumbwi, pamoja na wapiga makasia waliolijua ziwa. Jiwe la Mugere, kusini ya mji wetu, linakumbusha kupita kwao. Hawa walikuwa na swali moja tu la kujibu, nalo walikuwa wamekubaliana juu yake kabla ya kuondoka. Wakauliza wenyeji, kisha wakaingia katika mdomo wa mto wenyewe, wakakuta maji yanawajia mbele kwa nguvu. Basi, likaisha. (Mahali maji ya ziwa yanapotokea, yaani mto Lukuga, palionwa na Cameron mwaka 1874.)

Tulipokwisha kusoma habari hizi tuliona ya kuwa kundi letu lilikuwa karibu kufuata njia ya wale wa kwanza. Wawili walikuwa wakibishana nani awe mwandishi. Mikutano yetu ilikuwa kwa Kifaransa, na mwenzetu mmoja kutoka Buyenzi alikaa kimya siku mbili nzima. Wengine wakasema hana kitu. Siku ya tatu mmoja wetu akamwuliza kwa Kiswahili, naye akatueleza yale aliyoyasikia kwa babu yake mvuvi: jinsi wakati wa mvua maji ya udongo ya Rusizi yanavyoonekana yakitandaa juu ya maji safi ya ziwa, na jinsi mtumbwi unavyosukumwa nje ukikaribia mdomo wa mto. Huo ulikuwa ushahidi ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeupata kitabuni. Tangu siku ile kila mtu alisema kwa lugha aliyoiweza, na mwandishi ndiye aliyegeuza kuwa Kifaransa, akisoma tena kwa sauti aliyoyaandika kabla hatujaondoka.

Mwenyekiti wetu tulimwita Inkiranya kwa mzaha. Mmewaona wapiga ngoma wetu, ambao UNESCO iliwaandika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu mwaka 2014: ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza, amashakwe hushika mwendo usiokatika, ibishikizo hufuata ile ya katikati. Na wapigaji hupokezana katikati. Sisi pia tulibadili mwenyekiti kila juma.

Jambo moja zaidi wametuonya wakubwa wetu. Siku ya kusoma kazi mbele ya darasa, mwalimu wa chuo kikuu hachagui mwenye kusema vizuri. Humnyoshea kidole ye yote, amwulize sehemu iliyoandikwa na mwenziwe. Kwa hiyo jioni mbili za mwisho tulibadilishana karatasi. Mimi nilipewa sehemu ya wavuvi, na yule wa Buyenzi akapewa Burton na Speke, akaisimulia kwa Kifaransa, pole pole, mpaka mwisho.